Mlinzi wa Boma Naye Ataka Kulindwa

Katika sehemu nyingi za Kenya, mashambani hata mijini, ni vigumu kuliona boma lisilo na mbwa. Mbwa ndiye mlinzi wa usiku. Ndiye afuatanaye na mbuzi malishoni. Ndiye awafukuzaye nyani na nguruwe mwitu wakati mahindi yanapokomaa. Kazi hizi zote huzifanya bila mshahara, akatosheka na makombo. Lakini ukimwuliza mwenye boma ng'ombe wake walichanjwa lini, atakujibu mara moja. Ukimwuliza habari za mbwa wake, huenda akacheka tu, kana kwamba mbwa si mnyama wa kuhesabiwa pamoja na mali yake.

Desturi hii ina hatari kubwa, wala hatari yenyewe si ya mbwa peke yake. Mbwa huishi karibu na watu kuliko mnyama mwingine yeyote wa boma. Ng'ombe hulala zizini na kuku bandani. Lakini mbwa hulala mlangoni, hucheza na watoto, hulamba mikono yao na vyombo vyao. Ugonjwa ukimpata yeye, hauko mbali na watu wa nyumba. Kwa hiyo mtu amtunzaye mbwa wake vizuri hamfanyii mbwa hisani tu, bali awalinda watoto wake mwenyewe. Hapa chini twajibu maswali ambayo wenye mbwa huyauliza mara kwa mara, na twaanza na lile lililo kubwa kuliko yote.

Kwa nini kichaa cha mbwa huogopwa kuliko magonjwa mengine?

Huogopwa kwa sababu mtu au mnyama akisha kuonyesha dalili zake, hapana dawa ya kumponya. Magonjwa mengi huua baadhi ya wagonjwa na kuwaacha wengine. Kichaa cha mbwa, dalili zikisha kutokea, huua karibu kila mmoja. Ugonjwa huu huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vikaavyo katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama huyo akimwuma mtu, au akilamba kidonda chake, virusi huingia mwilini, vikafuata mishipa ya fahamu polepole mpaka ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua muda wa mwezi mmoja hata mitatu, na mara nyingine hupungua au huzidi. Katika muda huo mtu hajisikii vibaya, naye hudhani ameponea. Lakini ndio muda pekee ambao aweza kuokolewa.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapata 59,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa ugonjwa huu, wengi wao katika Afrika na Asia. Katika kila watu mia waliopatwa, 99 walipewa na mbwa. Tena wengi ni watoto walio chini ya miaka 15, kwa maana watoto ndio wachezao na mbwa, na akiwauma huogopa kusema nyumbani wasije wakapigwa.

Hapa Kenya ugonjwa huu ulitambuliwa kwanza katika mbwa mwaka 1912, karibu na Nairobi. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na bado upo. Mwaka 2014 Serikali ilitangaza mpango wa kuuondoa usiwaue watu tena ifikapo mwaka 2030. Mpango huo hauwezi kutimizwa na madaktari peke yao, maana mbwa si wa madaktari. Ni wako na wangu.

Nitamjuaje mbwa mwenye kichaa?

Watu wengi hudhani kwamba mbwa mwenye kichaa ni yule tu akimbiaye njiani akiuma kila akutanaye naye. Huyo yupo kweli. Hubweka kwa sauti iliyokwaruza, hutafuna vijiti, mawe na hata mnyororo wake, hutoka nyumbani akaenda mbali, na hushambulia hata vitu visivyo na uhai. Lakini ugonjwa una sura ya pili iliyo ya kimya, nayo hudanganya watu zaidi. Mbwa wa namna hii hujificha gizani, hulegea taya la chini, hushindwa kumeza, na mate humchuruzika. Mwenyewe humwonea huruma, akidhani mfupa umemkwama kooni, akatia mkono kinywani autoe. Asifanye hivyo kabisa! Mbwa anayetoka mate na kushindwa kumeza asishikwe kwa mkono mtupu, bali afungiwe mahali kisha daktari wa mifugo apewe habari.

Dalili ya kwanza kabisa mara nyingi ni kubadilika kwa tabia. Mbwa mkali huwa mpole ghafula, na mbwa mpole huwa mkali. Aliyependa watu huwakimbia. Kadhalika yafaa kuliondoa kosa moja la zamani. Husemwa kwamba mbwa mwenye kichaa huogopa maji, kwa hiyo akionekana akinywa basi ni mzima. Sivyo. Kuogopa maji ni dalili ya mtu aliyepatwa, si ya mbwa. Mbwa mgonjwa aweza kujaribu kunywa, hata kuvuka mto.

Tena ukumbuke kwamba mbwa si mnyama wa pekee. Bweha, nguchiro, paka, punda, mbuzi na ng'ombe pia huweza kupatwa. Ng'ombe aliyeumwa na mbwa mgonjwa huweza baada ya majuma kadhaa kulialia, kutoka mate na kushindwa kumeza. Mwenye ng'ombe asimtie mkono kinywani, asiwape watu maziwa yake, wala asimchinje ili nyama iliwe.

Mtu akiumwa na mbwa, afanye nini?

Jambo la kwanza ni maji na sabuni. Kidonda kioshwe mara hiyo hiyo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo mdogo tu. Sabuni ile ya kufulia ijulikanayo katika kila nyumba yatosha. Kazi hii iliyo rahisi huondoa virusi vingi kabla havijaingia ndani, wala isicheleweshwe kwa kutafuta gari kwanza. Usitie kidonda pilipili, wala udongo, wala mafuta, wala majani, wala usikifunge kwa kubana.

Jambo la pili ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Mganga atakitazama kidonda, na akiona yafaa ataanza kumpa mgonjwa sindano za kinga. Sindano hizo si moja. Hutolewa kwa siku zilizopangwa, na sharti zimalizwe zote. Wako watu ambao hupata sindano ya kwanza na ya pili, kisha wakiona kidonda kimepona huacha kurudi. Hao wamejenga nyumba wakaacha kuiezeka. Katika majeraha makubwa mganga huongeza dawa nyingine ya kinga inayodungwa penye jeraha lenyewe.

Kinga hii si jambo jipya. Ilianza mwaka 1885 huko Paris, wakati mtaalamu wa Kifaransa, Louis Pasteur, alipoletewa mtoto wa miaka tisa, jina lake Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa. Mtoto yule alidungwa dawa kwa siku kadhaa, naye akapona. Dawa za siku hizi ni bora zaidi na maumivu yake ni kidogo. Basi mtu afaye leo kwa kichaa cha mbwa mara nyingi hafi kwa kukosekana elimu duniani; hufa kwa sababu mbwa hakuchanjwa, au yeye hakufika hospitali mapema, au dawa haikupatikana karibu naye.

Jambo la tatu lahusu mbwa mwenyewe. Watu wengi humwua mara moja kwa hasira. Kama aweza kukamatwa bila hatari, ni afadhali afungiwe mahali imara na kutazamwa na daktari wa mifugo kwa siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, ni dalili ya kuwa siku ile alipouma mate yake hayakuwa na ugonjwa. Lakini aliyeumwa asingoje siku 10 zipite ndipo aende hospitali; aende leo, na mbwa atazamwe huku matibabu yameanza. Mbwa akifa, asizikwe kabla ya kumpa habari daktari wa mifugo, kwa maana ubongo wake huweza kupimwa katika maabara kama ile ya Kabete ili ukweli ujulikane. Kazi ya kumpasua ni ya wataalamu. Mtu mwingine asiiguse.

Mbwa achanjwe lini? Na mbwa wangu asiyetoka nje, je?

Mtoto wa mbwa huchanjwa kichaa akifikia umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Wakati wa kampeni za kaunti, wachanjaji huweza kuwachanja hata walio wadogo kuliko hao. Mpe daktari nafasi ya kuandika cheti, na cheti hicho ukitunze pamoja na hati zako nyingine, kwa kuwa siku mbwa wako atakapomwuma mtu, jambo la kwanza utakaloulizwa ni hilo. Katika sheria za Kenya iko sheria mahususi ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365; mwenye mbwa asidhani kwamba jambo hili ni la hiari yake tu.

Wengine husema, "Mbwa wangu hatoki bomani, kwa nini nimchanje?" Hata kama yeye hatoki, wageni huingia: mbwa wa jirani hupenya uani usiku, na bweha hufika penye mabanda ya kuku. Tena wataalamu wameona kwamba wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi wa mahali fulani, ugonjwa hukosa njia ya kupita kutoka mbwa hata mbwa, ukakoma. Wakichanjwa watatu au wanne tu, huendelea. Kwa hiyo kumchanja mbwa wako ni mchango wako kwa kijiji kizima, kama vile kutengeneza sehemu yako ya njia ipitayo mashambani.

Uangalie vilevile dawa yatoka wapi. Dawa ya chanjo ni lazima ikae baridini tangu kiwandani mpaka inapodungwa. Iliyozungushwa sokoni mfukoni mwa mtu, juani, ni maji tu, nayo ni mbaya kuliko kukosa, maana humpa mwenye mbwa matumaini ya bure. Mtafute daktari wa mifugo au msaidizi wake anayejulikana. Tarehe 28 Septemba kila mwaka, siku aliyokufa Pasteur mwaka 1895, imewekwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na karibu na siku hiyo mahali pengi huchanjwa mbwa bila malipo. Ulizia mapema kwa chifu au katika ofisi ya mifugo ya kaunti yako. Hata penye malipo, gharama ya kumchanja mbwa mmoja ni ndogo sana ukiilinganisha na gharama ya sindano za mtu mmoja aliyeumwa.

Je, minyoo ya mbwa yaweza kuwadhuru watu?

Yaweza, tena sana. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa wakiwa na minyoo tayari, waliyoipata tumboni mwa mama yao. Ndiyo sababu utamwona mtoto wa mbwa ana tumbo kubwa kama ngoma na mbavu zinahesabika. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi, yakachanganyika na udongo wa uani. Mtoto wa mtu achezaye hapo huyameza kwa vidole vyake. Minyoo hiyo michanga ikitembea mwilini mwa mtoto yaweza kumdhuru ini, mapafu hata macho. Basi watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo wakiwa na majuma mawili, kisha kila baada ya majuma mawili mpaka wafikie majuma 12. Mbwa mkubwa apewe kila baada ya miezi mitatu hivi. Dawa hupimwa kwa uzito wa mbwa, kwa hiyo usikadirie kwa macho.

Lakini mnyoo wa kutisha zaidi ni tegu mmoja mdogo sana wa mbwa, usiofikia urefu wa punje moja ya mchele. Mbwa huupata kwa kula maini na mapafu ya kondoo, mbuzi au ngamia yaliyo na mifuko ya maji ndani yake. Kila mchinjaji amewahi kuiona mifuko hiyo. Mchinjaji huikata sehemu hiyo mbaya na kumtupia mbwa, akidhani ametumia vema kitu kisichofaa. Kumbe ndivyo alivyoipanda mbegu ya ugonjwa. Mbwa naye hutoa mayai kwa kinyesi. Mtu akiyameza kwa maji, kwa mikono au kwa vyombo, mifuko ile ile huota katika ini lake au mapafu yake, ikakua kwa miaka bila kuuma, mpaka tumbo livimbe kama la mjamzito. Wengi hawaponi bila kupasuliwa au kutibiwa kwa muda mrefu.

Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ilijulikana kwa muda wa miaka mingi kuwa miongoni mwa mahali palipo na ugonjwa huu kwa wingi kupita pote duniani, kwa kuwa huko mbwa na watu huishi pamoja kwa karibu sana, na maji ya kunawa ni haba. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 kwa kazi ya madaktari warukao kwa ndege, lilianza huko mwaka 1983 mpango wa kuupinga ugonjwa: kuwapasua wagonjwa, kuwapa mbwa dawa iitwayo prazikwanteli, na kuwafundisha watu. Mafunzo yake makubwa ni mafupi, nayo yafaa kila mahali mnyama achinjwapo. Matumbo, maini na mapafu mabaya yachomwe moto au yazikwe chini sana, mbwa wasiweze kuyafukua. Ukitaka kumpa mbwa maini mazuri, uyachemshe kwanza. Na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Nifanyeje na kupe, viroboto na funza?

Kupe wa mbwa si mdudu wa kuleta mwasho tu. Hunyonya damu na kutia magonjwa ndani yake. Mbwa aliyepatwa na homa ya kupe huacha kula, fizi zake hupauka, na pengine mkojo wake huwa wa rangi ya chai nzito; mwingine hutokwa na damu puani. Mbwa wa namna hii asipotibiwa upesi hufa, kwa hiyo usingoje kesho. Mtazame mbwa wako kila baada ya siku mbili tatu, masikioni, shingoni na katikati ya vidole. Kupe jike mmoja hutaga mayai elfu kadhaa, tena hayatagi juu ya mbwa bali katika nyufa za ukuta na za kibanda. Mwenye kumwogesha mbwa kwa dawa na kukiacha kibanda kama kilivyo ataona kupe wamerudi baada ya majuma machache. Kibanda kisafishwe, nyufa zizibwe, matandiko yachomwe au yafuliwe kwa maji ya moto.

Wakulima wengi humpaka mbwa dawa ile ile ya josho la ng'ombe. Hili ni jambo la hatari. Dawa nyingine zimfaazo ng'ombe humwua mbwa, na nyingine kipimo chake kwa mbwa ni tofauti kabisa. Tena mbwa hujilamba, akaimeza. Pata shauri la daktari kwanza.

Viroboto hushambulia mbwa na watu vilevile, nao humwambukiza mbwa tegu mwingine, yule ambaye vipande vyake huonekana kama mbegu za tango nyuma ya mbwa. Ama funza, kila mtu aliyekulia mahali penye vumbi awajua. Mbwa na nguruwe huwa na funza nyayoni kama watu. Mama amtoaye mtoto wake funza kila jioni na kumwacha mbwa alale na funza wake penye kizingiti kile kile, afanya kazi isiyokwisha. Mbwa atibiwe, na sakafu ya udongo inyunyiziwe maji, ifagiwe, na ikiwezekana isakafiwe kwa saruji.

Wakaao karibu na vichaka vya mbung'o wajue pia kwamba mbwa hupatwa na ugonjwa wa nagana kama ng'ombe. Hukonda, hupata homa, na jicho lake hufanya utando kama wingu. Wengi hudhani ametemewa mate na nyoka. Apelekwe kwa daktari.

Kwa nini watoto wa mbwa hufa kwa wingi?

Zaidi ya minyoo, yako magonjwa mawili yawaangamizayo. La kwanza ni la parvo, lililotokea ulimwenguni mwishoni mwa miaka ya 1970. Mtoto wa mbwa hutapika, huhara damu yenye harufu mbaya, akaishiwa na maji mwilini, na huweza kufa kwa siku mbili tatu. La pili hushika macho, pua na mapafu, kisha ubongo. Mbwa hutoka makamasi, hukohoa, halafu hutetemeka na kuanguka kifafa. Watu wengine huona kifafa hicho wakadhani amelishwa sumu na jirani, na ugomvi ukaanza bure.

Magonjwa haya mawili hayamwambukizi mtu, lakini yasidharauliwe. Mwaka 1994 lile la pili lilienea katika mbuga ya Serengeti huko Tanzania, likafika hata Maasai Mara, na simba wapata theluthi moja ya wale wa Serengeti wakafa. Wataalamu walitambua kwamba chimbuko lake ni mbwa wa vijiji vya jirani ambao hawakuwa wamechanjwa. Hivyo mbwa mdogo wa mfugaji aliweza kuwaua wanyama ambao watu husafiri kutoka ng'ambo kuja kuwatazama.

Chanjo ya magonjwa haya huanza mtoto wa mbwa akiwa na majuma sita hata manane, ikarudiwa kila baada ya majuma matatu au manne mpaka afikie majuma 16. Mpaka hapo asipelekwe sokoni wala kuchanganywa na mbwa wageni.

Mbwa ale nini?

Ugali peke yake hautoshi. Mbwa ataka kitu cha kujenga mwili: dagaa au omena, mabaki ya nyama iliyochemshwa, mayai, maharagwe yaliyopikwa laini. Mtoto wa mbwa alishwe mara tatu au nne kwa siku, na mkubwa mara moja au mbili. Maji safi yawepo daima kivulini. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitolewe, maana hupasuka kama sindano na kutoboa matumbo. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwa mbwa.

Neno moja zaidi kwa wenye ghala. Mama wa nyumba akichagua mahindi, yaliyoota kuvu huwekwa kando, na mara nyingi husagwa kuwa chakula cha mbwa. Sumu ya kuvu hiyo huharibu ini la mbwa kama iharibuvyo ini la mtu. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 wakafa. Mahindi yasiyofaa kwa watoto wako hayamfai mbwa wako pia, yaharibiwe.

Mbwa jike akizaa kila mara, tufanyeje?

Mbwa jike hupata joto kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, na mimba yake huchukua siku 63 hivi. Kwa hiyo mbwa mmoja aweza kuleta watoto kumi na zaidi kwa mwaka, na wale wasiopata mwenyewe hutupwa sokoni au kando ya njia. Hao ndio mbwa wasiochanjwa, wasiolishwa, waumao watoto waendapo shule. Kumtupa mtoto wa mbwa si kumwondoa. Ni kumhamishia jirani shida yako.

Dawa yake ni kuwahasi madume na kuwafunga majike uzazi kwa mkono wa daktari. Wengi huogopa kwamba mbwa aliyehasiwa huacha kulinda. Si kweli. Huacha kutangatanga usiku na kupigana kwa ajili ya majike, kisha hukaa nyumbani, ambako ndiko ulinzi wake watakiwa. Hali kadhalika mbwa afungwaye kwa mnyororo mfupi mchana kutwa juani hawi mlinzi bora. Huwa mwenye uchungu, na siku mnyororo ukikatika humwuma wa kwanza amwonaye, ambaye mara nyingi ni mtoto.

Mambo ya kufanya juma hili

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu msomaji, kitafute cheti cha chanjo cha mbwa wako. Kama hukioni, au kama mwaka umepita, enda kwenye ofisi ya mifugo uulize siku ya kuchanja. Mpe mbwa dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake. Safisha kibanda na uzibe nyufa. Mwambie mchinjaji wa kwenu asiwatupie mbwa mapafu na maini mabaya. Mwisho, jioni hii waite watoto wako uwaambie maneno mawili: wasimguse mbwa wasiyemjua, na wakiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, waseme upesi, wala hawatapigwa.